Mifupa ya nyonga inaweza kutuambia nini?

Katika kijarida hiki sisi wakubwa wa wanafunzi tumezoea kuandika juu ya usafi wa vyumba, kuchelewa sala ya asubuhi na wale wanaorudi kula bukari mara mbili. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lingine, kwa sababu maneno mengi yamesemwa ndani ya shule na mengine si ya kweli.

Habari yenyewe munaijua. Wakati wa likizo kubwa mafundi walikuwa wanachimba musingi wa vyoo vipya nyuma ya kiwanja cha mupira. Sisi wachache tuliobaki shuleni tulikuwa tunabeba matofali. Jembe likagonga kitu. Fundi alizani ni muzizi, kumbe ni mufupa, na chini yake mingine. Saa ile ile watu wakajaa. Mumoja akasema: "Hii ni ya mwanaume, ona vile muguu iko murefu." Mwingine akajibu: "Hapana, ni ya mwanamuke, kichwa iko kidogo." Wengine walianza kusema mambo ya bulozi na kutaja majina ya jirani.

Kisha mama mumoja wa kartye akapita katikati ya watu. Mutoto wake wa kiume alitoka nyumbani akiwa na miaka 19, sasa ni miaka mingi, na hakurudi. Mama akauliza polepole: "Batoto, munaweza kujua kama ni wangu?" Hakuna aliyejibu. Tumesoma biolojia, tumepata pointi nzuri juu ya mifupa 206 ya mwili, na mbele ya mama yule tulinyamaza wote.

Prefe alisimamisha kazi, akakataza mutu kugusa, akaita polisi. Watu wa parke walikuja na daktari. Tulimwangalia tukiwa mbali kidogo. Hakuanza na kichwa, wala na ile mifupa mirefu ya miguu watu walikuwa wanabishania. Alitafuta kwanza mifupa ya kiuno, akaisafisha na brosi ndogo, akaigeuza kwa jua. Juu ya nini nyonga? Tulimuuliza mwalimu wa biolojia, tukasoma vitabu alivyotupa, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwa Kifaransa mifupa hii yote pamoja inaitwa bassin, neno lile lile la beseni ya kunawia. Darasa lilicheka, lakini jina ni zuri. Ni beseni isiyo na chini: upande wa kuume mufupa mumoja wa nyonga, upande wa kushoto mwingine, na nyuma uti wa mugongo unaingia katikati yao kama kabari. Mbele, chini ya tumbo, mifupa miwili ya nyonga inakaribiana na kushikwa pamoja na nyama ngumu. Beseni hii inabeba uzito wote wa mwili wa juu na kuupeleka kwenye miguu. Hiyo ni kazi ya watu wote. Lakini kwa mwanamuke kuna kazi nyingine: kichwa cha mutoto lazima kipite katikati yake. Kwa hiyo, wakati wa kubalehe, nyonga ya musichana inakua kwa njia yake na ya kijana kwa njia yake. Fuvu la mwanamuke linaweza kuwa kubwa na zito, muguu wa mwanaume unaweza kuwa mufupi. Urefu unatoka kwa wazazi na kwa chakula. Nyonga haibadiliki namna ile, kwa sababu uzazi ndio unaoichonga.

Fanyeni mufano huu papa hapa munapokaa. Inua mukono wa kuume, panua kidole gumba na kile cha kuonyesha mbali kadiri unavyoweza. Pembe unayoiona karibu ni ile iliyo chini ya ungio la mbele la nyonga ya mwanamuke: digri 90 hivi au zaidi. Sasa funga gumba, panua kidole cha kuonyesha na cha katikati kama mutu anayeonyesha mbili. Hiyo ni pembe ya mwanaume, nyembamba. Kuna alama nyingine upande wa nyuma, pengo kubwa ambapo mushipa munene wa muguu unapita. Ukitia kidole gumba katika pengo la mwanamuke, kidole kinacheza huku na huku. Katika pengo la mwanaume kinabanwa. Na ukiangalia beseni yote kutoka juu, mulango wake kwa mwanamuke unakaribia muviringo, kwa mwanaume una umbo la moyo kama ule unaochorwa kwenye karata. Mwaka 1969 Mumarekani mumoja, Phenice, alionyesha alama tatu ndogo katika mufupa wa mbele tu, akaandika kwamba kwa alama hizo anapata jibu sawasawa zaidi ya mara 95 katika 100. Wengine waliojaribu nyuma yake hawakufikia hesabu ile kila mara, lakini alama zake zinatumiwa mpaka leo.

Hapa tuonye. Mambo haya yote ni ya mutu aliyekwisha kubalehe. Nyonga ya mutoto wa miaka 7 haina sauti juu ya jambo hili, na mutaalamu anayesema "huyu alikuwa musichana" kwa kuangalia mufupa wa mutoto mudogo amesema zaidi ya aliyoyaona. Tena zamani wataalamu walizani kwamba vishimo vidogo nyuma ya ungio la mbele vinaonyesha mwanamuke amezaa, na hata mara ngapi. Baadaye waliona kwamba kuna wanawake waliozaa wasio na vishimo, na wengine wenye vishimo wasiozaa kamwe. Wazo lile limeachwa. Tunaliandika kwa sababu mukubwa mumoja katika darasa letu alilitoa kwa nguvu sana mbele ya wadogo, akasifiwa bure.

Sasa miaka. Hili ni gumu zaidi, na ndipo ulizo la mama yule lilikuwa.

Kwa vijana, mufupa unaeleza miaka kwa namna unavyoungana. Mutoto anazaliwa na vipande vitatu kila upande wa nyonga, na vinaungana kuwa kimoja wakati wa ujana. Weka mukono kiunoni kama mama anayegombana sokoni: ukingo wa mufupa unaougusa unafunikwa na kipande chembamba kama kifuniko, kinachoonekana wakati wa kubalehe na kushikamana kabisa karibu miaka 20 na kitu. Sisi wa darasa la sita, wengi tuna miaka 18, kifuniko chetu bado kiko katika kazi. Ni kwa njia kama hii daktari anaweza kukadiria miaka ya mutu muzima akiwa hai. Ninyi wa mupira munajua: tangu mwaka 2009 FIFA inapiga picha za kifundo cha mukono kwa mashindano ya walio chini ya miaka 17, na mwezi wa kwanza 2023 Kamerun ilipoteza wachezaji 21 katika 30 kwa siku moja kwa sababu ya picha hizo. Kwao ni mukono, si nyonga, lakini kanuni ni ile ile: mufupa ulioungana hauwezi kurudi nyuma, hata kitambulisho kiseme nini.

Mutu akipita miaka 25, mifupa imekwisha kuungana, na saa ya kukua inasimama. Daktari anaangalia basi namna mifupa inavyochakaa. Anatazama uso wa lile ungio la mbele, pale mifupa miwili inapokutana. Kwa kijana uso ule una matuta na mifereji, kama shamba la mihogo lililolimwa jana. Miaka ikipita, mifereji inajaa, shamba linakuwa tambarare. Halafu ukingo unajengwa kuzunguka, kama ukuta mudogo. Mwishoni ukingo unavunjika, uso unapata mashimo na kuchakaa kama tofali la zamani. Todd, aliyefundisha Cleveland katika Marekani, alipanga hatua 10 za kuchakaa huku mwaka 1920. Mwaka 1990 mabibi wawili, Brooks na Suchey, walizipunguza kuwa hatua 6, baada ya kuchungua mifupa ya watu zaidi ya 1,000 waliochunguzwa katika nyumba ya maiti ya Los Angeles, watu ambao miaka yao ilijulikana.

Angalieni hesabu zao vizuri, sababu ndizo zilizotushangaza. Mwanaume wa hatua ya kwanza ana miaka 15 mpaka 23. Hiyo ni karibu na ukweli. Wa hatua ya pili, 19 mpaka 34. Wa hatua ya nne, 23 mpaka 57. Wa hatua ya sita, 34 mpaka 86! Maana yake, baba wa mutu na babu yake wanaweza kulala katika hatua moja. Mwili wa mutu mumoja unachakaa mbio, wa mwingine polepole, kadiri ya kazi, magonjwa, chakula na damu ya wazazi. Mutu akikuambia kwa kuangalia nyonga, "Huyu alikufa na miaka 43," mukimbie. Mutaalamu wa kweli anasema "katikati ya hapa na pale", na anaacha nafasi kubwa. Pia mutu anaweza kuuliza: watu wa Los Angeles ni kipimo cha mubeba mizigo wa Katuba au cha mama mulimaji wa Kasenga? Ni ulizo la haki. Wataalamu wanaliuliza nao, na ndiyo sababu wanatafuta mifupa ya watu wa inchi nyingi, wenye miaka na jina vilivyoandikwa, kama ile iliyokusanywa Johannesburg katika mukusanyo wa Raymond Dart.

Tuje kwa skana. Picha ya radio tunaijua tangu Röntgen, mwaka 1895. Kila aliyevunja mukono kwenye kiwanja chetu amepigwa. Picha ile inalaza mwili wote kwenye karatasi moja, vitu vya mbele na vya nyuma vinapandana. Skana, iliyotumiwa kwa mugonjwa wa kwanza London mwaka 1971, inafanya namna nyingine. Inakata mwili vipande kama mukate, lakini kwa mwangaza, bila kisu. Kisha mashine inashona vipande vile tena, na nyonga inatokea juu ya kioo peke yake, bila nyama, bila nguo. Unaigeuza, unaitazama toka chini, unapima pembe kwa hesabu si kwa gumba.

Faida yake ni kubwa. Kama mutu amekufa siku chache au ameungua kwa moto, zamani ilikuwa lazima kuondoa nyama na kuchemsha mifupa ili kuona lile ungio. Jamaa gani watapenda? Kwa skana mwili unarudishwa nzima, unazikwa, na picha inabaki. Mutaalamu wa pili, hata akiwa Kinshasa au Bordeaux, anaweza kupima tena na kusema wa kwanza alikosa. Huko Bordeaux wataalamu walitengeneza mwaka 2005 njia ya vipimo 10 vya nyonga, waliyoitoa katika mifupa 2,040 ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, hata Afrika ya Kusini. Unatia vipimo katika hesabu, nayo inajibu kwa kadirio. Kama uhakika haufiki 95 kwa 100, jibu ni: haijulikani. Sisi tulipenda sana mashine inayokubali kusema haijulikani.

Lakini skana si nabii. Kama vipande vilikatwa vinene, yale matuta madogo ya shamba la mihogo yanapotea, na kijana anaonekana muzee. Na lazima umeme uwepo, na juu ya umeme hatutaandika hapa.

Katika Katanga yetu mifupa imeulizwa zamani. Kando ya ziwa Kisale, pale Sanga, kuna makaburi ya watu walioishi miaka 1,000 hivi iliyopita, wafua chuma na wavuvi, waliozikwa na vyungu vizuri sana na vitu vya shaba. Nenquin alichimba mwaka 1957, Jean Hiernaux wa chuo kikuu cha hapa Elisabethville mwaka 1958, Pierre de Maret mwaka 1974. Mutu anayesimama mbele ya kaburi kama lile anapata jaribu la kusema: kuna silaha, ni mwanaume, kuna shanga, ni mwanamuke. Wazungu walianguka katika jaribu hilo kwao. Huko Birka, Sweden, kaburi lilichimbuliwa mwaka 1878 lenye upanga, mishale na farasi wawili. Kwa miaka zaidi ya 100 liliitwa kaburi la shujaa mwanaume. Bibi mumoja mutaalamu alipotazama nyonga, pengo lilikuwa pana. Mwaka 2017 uchunguzi wa mbegu za urizi ulihakikisha: mwanamuke. Mifupa ilikuwa imesema tangu siku ya kwanza, watu walisikiliza upanga.

Na kuna mifupa ambayo haitaulizwa kamwe. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba, akiwa na miaka 35, aliuawa usiku karibu na muji wetu pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maiti zilizikwa, zikafukuliwa, zikakatwa na kutiwa katika asidi ya sulfuriki na polisi Mubelgiji Gerard Soete, ambaye mwenyewe alieleza hayo baadaye. Tumefanya majaribio madogo darasani na mufupa wa kuku ndani ya siki: baada ya siku chache unapinda kama mupira, kwa sababu asidi inakula madini ya kalsiamu yanayoufanya mugumu. Asidi ya sulfuriki ni nyingine kabisa. Waliofanya vile walijua mifupa inasema, na hawakutaka iseme. Lilibaki jino moja lenye zahabu, lililorudishwa kwa jamaa huko Bruxelles tarehe 20 mwezi wa sita 2022. Hata jino lile halikupimwa kwa mbegu za urizi, kwa sababu kupima kungeliharibu. Mwezi ule ule sanduku lilipita Shilatembo na hapa Lubumbashi. Wengine kati yetu tulibebwa na wazazi wetu kwenda kulitazama barabarani. Kwa Mpolo na Okito hakukurudi kitu.

Turudi kwenye shimo letu. Baada ya majuma matatu daktari alimwandikia prefe, na prefe akaturuhusu kusoma karatasi. Pengo la nyuma pana. Pembe ya chini pana. Alama tatu za mbele zote za mwanamuke. Kifuniko cha ukingo kimeshikamana bila hata mustari. Uso wa ungio bila matuta, na ukingo umeanza kuvunjika: mutu muzima, hatua ya tano au ya sita, daktari hakutaka kusema zaidi. Hakuna alama ya kuvunjwa wala kukatwa. Tena kuni za sanduku zilizooza, na misumari. Muzee mulinzi alikumbuka kwamba kabla ya shule kulikuwa makaburi machache upande ule. Kwa hiyo hakuna bulozi, na wale waliotajwa majina wanastahili kuombwa musamaha. Hatujui kama wameombwa.

Prefe alitutuma wawili kwenda kumwambia mama. Tulikuwa na woga njiani, hatukujua kama habari ni nzuri ao mbaya. Alitukaribisha, akatupa viti. Tukamwambia: mama, si yeye, ni mwanamuke, na alikuwa mukubwa kwa miaka. Akauliza kama ni hakika. Tulimweleza ile ya vidole viwili, gumba na cha kuonyesha, kama daktari alivyopima. Akapanua vidole vyake mwenyewe, akaviangalia muda murefu. Akasema, "Basi bado," na akatuuliza nani atamuzika mama ule.

Alizikwa siku ya posho katika makaburi ya muji. Pasta alisoma Ezekieli sura 37. Kutoka shule tulikuwa watu kumi na mbili, na mama alikuja na kitenge kipya kilichokunjwa, akakitandika juu ya sanduku. Vyoo vimejengwa upande wa pili wa kiwanja, karibu na ukuta, na vitafunguliwa mwezi ujao.